Baiskeli Badala ya Blanketi

Mwaka ninaousimulia ni ule ambao hata watu wa maofisi ya serikali kule Mtumba, Dodoma, walikula ugali wa uwele. Mahindi yalikaukia shambani yakiwa yametoa ndevu tu, mvua ikaenda zake bila kuaga. Sembe ikawa chakula cha sikukuu. Ukiingia kwenye kibanda cha mama ntilie unawakuta vijana wenye vitambulisho shingoni, wamekunja mikono ya mashati, wanachovya tonge la kijivu kwenye mlenda, na mlenda unawafuata mpaka kidevuni. Wanafuta, wanacheka, wanachovya tena. Sisi Wagogo tuliwatazama tukasema kimoyomoyo: karibuni nyumbani.

Kwangu mwaka ule hapakuwa na njaa. Nitajisifu mwenyewe, maana nikingoja kusifiwa nitazeeka zaidi. Wenzangu walipanda mahindi kwa kuwa mvua za mwanzo ziliwadanganya. Mimi nilipanda uwele. Uwele ukatoa masuke kama mikia ya paka, nikauamia mwenyewe kwa kufukuza ndege, nikauvuna mwenyewe. Shamba hilo nililifyeka na marehemu mume wangu zamani, kule njia ya kwenda Mtumba, wakati pale palikuwa na mbigili na fisi tu. Ukiacha lami unashika njia ya vumbi, unavuka korongo la mchanga, umefika. Leo kila upande wangu wamesimika bikoni za viwanja. Nyumba za bati jekundu zimenizunguka, na uwele wangu uko katikati kama mgeni aliyekataa kuondoka.

Siku ya kupura, goti langu la kulia likaniacha. Nilikuwa nimechuchumaa na ungo, nikataka kuinuka, goti likagoma. Nikanyanyuliwa kama gunia.

Mwanangu wa kwanza, ambaye naye ni mtu wa ofisi huko Mtumba, alikuja nyumbani kwangu Chang'ombe kunitazama. Alikaa kwenye kigoda, suruali yake ya kupigwa pasi ikapanda juu mpaka nikaona soksi.

"Mama, sasa ukae," akasema.

"Nikae wapi?"

"Hapa nyumbani. Ule, upumzike, uote jua."

"Kwani mimi mjusi?"

Akacheka, lakini akaangalia chini. Nikamwuliza, "Na shamba?"

"Mama, watu wanatafuta viwanja."

Hakuwa na ubaya, mwanangu ni mtu mwema, ila nilimwelewa. Mvua zikirudi na mimi sijafika shambani, lile shamba litakatwa vipande na litaota nyumba. Bodaboda asingenisaidia. Bodaboda anakupeleka mara moja, anakuacha, ana shughuli zake. Uwele ukishatoa masuke unatakiwa kufika kila siku kabla ndege hawajaamka, na kurudi jua likichoma. Nani atakuwa ananisubiri mimi na ndege wangu?

Naishi na mjukuu wangu, binti wa mwanangu huyo huyo, anayeuza duka la dawa pale mtaani. Namwita mke mwenzangu, kwa kuwa babu yake alimwita mchumba tangu hajaota meno, na utani huo babu alipoondoka hakuondoka nao. Jioni moja aliniambia, "Mke mwenzangu, vaa viatu."

"Tunakwenda wapi?"

"Nimekutafutia mume. Ana magurudumu mawili na ugali hali."

Akanishika mkono tukaenda polepole mpaka kwenye duka moja ambalo zamani lilikuwa la cherehani. Mbele zimepangwa baiskeli nene nene, nyeusi, zina bonge la betri tumboni. Mwenye duka alikuwa mama wa Kondoa, mwenye mtandio uliobanwa sawasawa na macho ya kupima watu. Anakodisha kwa siku, kwa wiki, na anayetaka kununua anauziwa.

"Shikamoo mama," akanisalimu.

"Marahaba mwanangu. Nataka kukodi."

Akamtazama mjukuu wangu. "Anataka kukodi nani?"

"Mimi ndiye ninayesema," nikamwambia. "Huyu hajui baiskeli, anajua panadoli."

Akaniuliza kama nimewahi kuendesha. Nikamweleza kwamba nimeendesha baiskeli ya mume wangu nikiwa na debe la uwele nyuma na mtoto mgongoni, kijiji kizima kikisema mwanamke wa baiskeli haolewi, na mimi nilikuwa nimeshaolewa na mwenye baiskeli. Yule mama akacheka mpaka mtandio ukalegea. Lakini hakunipa hivyo hivyo. Aliniweka uani kwake, akanifundisha kama mtoto wa darasa la kwanza.

"Mama, kabla hujafanya lolote, shika breki. Ukiwasha hujashika breki, inaondoka bila wewe."

"Kama punda."

"Punda ana huruma. Hii haina."

Akanionyesha kitufe cha kuwashia, breki ya mbele na ya nyuma, akaniambia ya mbele nisiikamate peke yake nikiwa kwenye mteremko, itanirusha juu ya usukani. Akanionyesha taa, kengele, na kidude kinachoonyesha betri imebaki na nguvu kiasi gani. Halafu akaleta helmeti. Nilikuwa na kilemba changu kikubwa cha kitenge, helmeti ikakaa juu yake kama sufuria juu ya figa. Akasema kilemba kivuliwe. Mtu mzima nivue kilemba barabarani? Akanivuta chumba cha ndani, akanifungua mwenyewe, akanifunga kitambaa chembamba, akabana kamba ya helmeti chini ya kidevu mpaka kidole kimoja tu kikapita. "Ikilegea," akasema, "ni pambo." Nikamwachia kitambulisho changu, mjukuu akanidhamini, nikachukua baiskeli ya wiki.

Sasa ile safari ya kwanza nitaielezaje? Nilikanyaga pedali nikadhani kuna mtu amenishika mgongoni ananisukuma. Nikageuka nimtukane, hakuna mtu. Nikakanyaga tena, akanisukuma tena. Goti halikulalamika hata kidogo, lilikuwa linazunguka tu kama linakoroga uji. Kile kimlima cha kutokea kwetu, ambacho hata vijana wanashuka wanasukuma, nilikipanda nikiwa nimekaa, nikiwa ninapumua kwa pua. Upepo wa Dodoma ukanipiga usoni. Ninaujua upepo huo, unaniletea mavumbi mdomoni toka nizaliwe, lakini siku ile niliukuta mimi, haukunikuta wenyewe. Nikapiga kengele bila sababu.

Vijana wa bodaboda pale kijiweni walisimama wote.

"Bibi Umeme! Unachajiwa wapi?"

"Kwa babu yako!"

"Bibi, tushindane!"

"Wewe kwanza lipia mafuta, mimi nimekunywa chai imetosha!"

Toka siku hiyo jina likawa Bibi Umeme, na mimi nikaitika.

Nilimwambia yule mama wa Kondoa kwamba nataka kununua, ila sinunui leo. Mimi nimekulia kwenye ng'ombe. Mnadani kule Chemba mfanyabiashara anamnywesha ng'ombe maji ya chumvi asubuhi, tumbo linajaa, ngozi inang'aa, unamnunua umefurahi, ukifika nyumbani amekojoa amekuwa mbuzi. Mnyama wa kukaa naye unaishi naye kwanza. Unaona anavyokula, anavyopanda mlima, anavyorudi jioni akiwa amechoka. Kuna duka jingine mjini muuzaji alinionyesha baiskeli mpya inayong'aa, akaiendesha yeye mwenyewe kwenye sakafu ya dukani, betri imejaa. Nikamwambia, "Nipe niende nayo mlimani na debe la mchanga nyuma." Akasema ya dukani haijaribiwi. Nikamwambia, "Basi na mimi pesa yangu haijaribiwi." Nikarudi Chang'ombe.

Niliendelea kukodi wiki kwa wiki. Nilibeba maji, nilibeba jembe, nilikwenda mpaka betri ikabaki kidogo nione inavyokata: kama inakata ghafla, au inaaga kwanza. Ilikuwa inaaga. Kwenye korongo nilijifunza kushuka. Ule mchanga unameza gurudumu la mbele, na ukijifanya shujaa unalala chali. Unashuka, unazima, unasukuma, unapanda ng'ambo. Kwenye lami niliogopa malori, sitadanganya. Lori likikupita linakusukuma kwanza, halafu linakuvuta, na ukiwa umejibana kwenye ukingo kabisa linakutupa nje. Kwa hiyo nilianza tabia yangu. Nikilisikia nyuma, natafuta mahali pazuri, natoka kwenye lami, naweka mguu chini, nalipungia mkono lipite. Liende. Sikuwa na haraka kuliko dereva.

Ulikuwa mwezi wa saba, baridi ya kwetu ile kavu inayopasua midomo. Betri nilikuwa nalala nayo chumbani. Sasa wasomaji mtacheka, chekeni. Sisi tulilelewa kwenye tembe, nyumba ya udongo yenye paa la udongo, na ndama mchanga alikuwa analala ndani na watu, kwa sababu baridi ikimpata hakui. Ukiona ndama anatetemeka unamfunika. Jioni ile nilichomeka betri, ikawa inatoa kitaa chekundu na kusinzia sinzia, na upepo unaingia chini ya mlango. Nikaionea huruma. Nikachukua blanketi langu, lile nililopewa siku ya mahari ya mjukuu wangu mkubwa, lenye picha ya simba, nikaifunika betri pamoja na chaja yake vizuri, nikaacha pa kupumulia kidogo. Nikaenda jikoni kusonga ugali.

Mjukuu ndiye aliyenusa. "Bibi, unachoma nini?"

"Sichomi kitu."

Akakimbia chumbani. Nikasikia anapiga yowe, nikafika namwona amechomoa waya ukutani na amelirusha blanketi uani, linatoa moshi. Chaja ilikuwa ya moto huwezi kuigusa. Simba aliungua pua na sharubu zote. Ilibaki kidogo tu godoro lishike moto.

"Bibi! Ulifunika betri?"

"Ilikuwa na baridi."

Alikaa chini pale pale sakafuni. Sijui alikuwa analia au anacheka, nadhani yote mawili.

Yule mama wa Kondoa alikuja asubuhi. Hakunicheka. Alisema betri ikichajiwa inatoa joto, na joto linataka kutoka. Ukilifunika linatafuta njia nyingine. Nisichaji kwenye chumba cha kulala. Nisichaji nikiwa nimelala wala nikiwa nimetoka. Niweke kwenye sakafu ya saruji au juu ya jiwe, mbali na nguo na majani, penye hewa na mtu macho, ikijaa nichomoe. Na chaja iwe yake yenyewe, nisiazime ya jirani hata kama inaingia kwenye tundu. Akaikagua betri na chaja, akaviweka pembeni, akanipa vingine. Tangu siku hiyo betri inachajiwa barazani juu ya jiwe langu la kusagia, na mimi niko karibu nachambua mboga.

Lakini mwanangu alipata habari. Akaja, akaliangalia blanketi, akamwangalia simba asiye na pua.

"Mama, hiyo baiskeli inarudi."

"Wiki yangu haijaisha."

"Ikiisha inarudi. Nyumba ingeungua na watu. Na kule kwenye lami je? Utanifanya nikuzike kwa ajili ya uwele?"

Alikuwa na haki ya kuogopa, ni mwanangu. Lakini nilijua baiskeli ikirudi dukani, shamba nalo limekwenda.

Jumamosi ya wiki ile ile wakaja watu wa Chemba kumposa mke mwenzangu. Kijana mwenyewe tulikuwa tunamjua, anaishi mtaa wetu, mpole, anapenda kula kwangu. Mambo ya ng'ombe yalikuwa yameshazungumzwa siku za nyuma, siku hiyo ilikuwa ya kumaliza vitu vidogo vidogo, kula na kunywa chai. Mshenga wao alikuwa mzee wa minadani, koti kubwa, fimbo, mdomo mtamu.

Kwa desturi bibi ana fungu lake. Ana mbuzi, na ana blanketi. Blanketi ni la shukrani, kwa kuwa ulimbeba huyo binti mgongoni akakukojolea. Na tena, hakuna anayelisema lakini kila mtu analijua, ni la kukuambia kazi yako imeisha, mama, jifunike. Wakaniita sebuleni. Nikakaa. Mshenga akafungua mfuko wa plastiki wenye zipu, akatoa blanketi jipya, nene, lina chui anaangalia watu. Akalinyanyua juu lionekane, akaniwekea magotini.

Nikalitazama. Nikalikunja. Nikamrudishia.

"Blanketi sitaki."

Vikombe vikarudi mezani. Mwanangu akafunga macho kama mtu anayesali.

"Bibi yetu," mshenga akasema taratibu, "pengine rangi haikukupendeza?"

"Rangi nzuri. Chui mzuri. Blanketi sitaki."

"Mama," mwanangu akasema, "hawa ni wageni."

"Nawaona."

"Basi bibi anataka nini?" mshenga akauliza.

Nikanyoosha mkono mlangoni. Baiskeli ilikuwa imeegemea ukuta uani, helmeti imening'inia kwenye usukani. "Nataka ile. Na mbuzi wangu mkae naye, simwongezei kijana mzigo, nabadilisha. Ikiwa imetumika ni sawa, na mimi nimetumika."

Mshenga akacheka mpaka akakohoa. "Mimi nimeposa mpaka Kondoa ndani ndani. Nimedaiwa ng'ombe, nimedaiwa redio, nimedaiwa koti nililolivaa. Bibi wa kudai baiskeli sijamwona. Unataka kwenda wapi, mama? Si ungekaa tu?"

Hapo nikawaambia. Nikamwambia yule mzee kwamba nina shamba, na uwele wa shamba lile ndio uliokuwa kwenye sahani yake ile aliyoimaliza. Goti langu haliwezi kunifikisha, ile inaweza. Nikikaa na blanketi, shamba litauzwa. "Nikifa mtanifunika na chochote mnachotaka," nikasema, "sitabisha. Sasa hivi bado nina safari."

Mshenga akanitazama. Mtu wa ng'ombe ni mtu wa ng'ombe, akasimama, akasema, "Kitu hakinunuliwi kikiwa kimelala. Nikaione."

Tukatoka wote. Akaizunguka, akaigonga gonga betri kwa kidole, akainama akatazama chini ya tumbo. Akaniuliza meno yake yako wapi. Nikamwonyesha yalipo, kwenye mnyororo. Nikaiwasha, nikamwambia, "Shika breki kwanza."

"Mama, mimi nimepanda baiskeli hujaolewa."

"Shika breki."

Hakushika. Alipitisha mguu mmoja, akaukamata usukani kama anavyokamata pembe, akanyonga pedali. Ikaondoka naye akiwa nusu amekaa nusu amesimama, koti limefunguka kama bawa, akiiambia "Hoo! Hoo!" kama vile ingesikia. Kuku wakapaa. Akaenda moja kwa moja kwenye lundo la mabua ya uwele niliyoyaweka kwa ajili ya mbuzi wa jirani, akazama mpaka kiunoni. Fimbo ikabaki imesimama yenyewe uani. Dirishani nikasikia binti anayeposwa akicheka kwa sauti, jambo ambalo siku ya mahari halifai kabisa, na shangazi zake wakijaribu kumziba mdomo huku na wao wanacheka.

Tukamtoa. Alikuwa mzima, ana mabua kwenye ndevu. Akajikung'uta, akaiangalia baiskeli kwa heshima.

"Hili dume," akasema. "Limehasiwa?"

"Bado. Ndiyo maana unashika breki kwanza."

Watu wakaangua kicheko, lakini nilikuwa namwangalia mwanangu. Yeye ndiye aliyekuwa anasimamia nyumba siku ile. Akisema hapana, mshenga asingethubutu. Na sasa alikuwa ameona mzee mwenzangu anatumbukia kwenye mabua. Nikajua nimeshindwa.

Akakohoa. "Wazee wangu," akasema, "niwaambie kitu ambacho mama hajui. Jumatano nilimfuata."

Nikageuka. "Ulinifuata?"

"Nilimfuata na gari, toka mjini, nione anavyokwenda, nipate la kumwambia. Niko nyuma yake, nimepunguza mwendo, simpiti. Basi mama akatoa mkono, akaonyesha, akaingia pembeni, akaweka mguu chini. Akanipungia nipite. Mimi sipiti. Akanipungia tena. Halafu akaanza kunigombeza."

Nikakumbuka. Lilikuwa gari jeupe, vioo vimefungwa, jua linamulika, limenifuata kama inzi. "Nilisema nini?"

"Ulisema, 'Pita, mpumbavu we, unanitazama nini, hujaona mwanamke?'"

Mzee wa Chemba akashika mbavu.

"Nikapita," mwanangu akasema. "Nimeendesha gari miaka mingi, wazee wangu. Kwenye barabara ile, siku ile, mtu aliyekuwa anaendesha kwa adabu alikuwa mmoja, na si mimi." Akanigeukia. "Ila betri, mama. Ukifunika tena betri, naichukua mwenyewe."

"Nitaifunika na nini? Blanketi nimekataa."

Ndivyo ilivyokuwa. Mshenga alipeleka neno Chemba, na Chemba wakakubali, nasikia baba wa kijana alicheka siku nzima. Dukani nilikwenda mwenyewe, na mshenga na mwanangu nyuma yangu kama walinzi. Yule mama wa Kondoa alikuwa na mpya za rangi zote. Nikachagua ile ile niliyoishi nayo. Nilitaka betri mpya, na yeye akaiweka. Nilitaka breki zibadilishwe mbele na nyuma, akabadilisha mbele yangu. Nilimwuliza ikiharibika anatengeneza nani na vipuri viko wapi, akanionyesha rafu, akaniandikia udhamini na kugonga mhuri. Na helmeti nikachukua mpya, nyekundu, ya kuonekana mbali. Mshenga akaomba kujaribu tena. Safari hii alishika breki.

Ndoa ilifungwa, mke mwenzangu akahamia kwa mumewe, mtaa huo huo, na jioni bado anakuja kula. Kiangazi chote nilikuwa shambani nikiberega, yaani nafyeka, nakusanya mabua na kuchoma, bila kulima, kama tulivyofundishwa. Mvua zikaja mwezi wa kumi na mbili zikanikuta mbegu iko mkononi. Mvua ikinyesha siendeshi. Nangoja kwenye kibanda changu mpaka ipungue, kwa sababu breki zikilowa zinachelewa kukusikia, na korongo likijaa halina mzaha. Udongo ukikauka narudi.

Na uwele ulipotoa masuke, jamani, asubuhi zile! Nilikuwa natoka Chang'ombe kabla jua halijachungulia, taa ya mbele inanifungulia njia, kizibao cha kung'aa kifuani. Hakuna kelele ya injini. Nasikia majogoo, nasikia mtu anafagia, nasikia adhana kwa mbali na kengele ya kanisa kwa karibu. Nafika shambani ndege ndiyo kwanza wananyoosha mabawa. Nachukua debe langu bovu, nalipiga, naimba nyimbo za kwaya kwa sauti mbaya, wanakimbia kwenda kwa majirani. Majirani hawana uwele, wana viwanja. Ndege wanakaa juu ya bikoni wanashangaa.

Jumamosi mwanangu alikuwa anakuja kusaidia, na suruali yake ya pasi ameiacha nyumbani. Alikuwa na sauti nzuri ya kufukuza ndege, nilikuwa nimesahau. Hakusema tena habari ya viwanja. Debe la kwanza la uwele nilimpelekea mshenga Chemba, akaniletea salamu kwamba mabua ya kwangu ni laini kuliko ya kwake.

Sasa mwaka huu yamekuja mahindi, kila mtu amerudi kwenye sembe na wenye vitambulisho wameusahau mlenda. Na mwezi uliopita wamekuja watu wa Mpwapwa kumposa mdogo wake mke mwenzangu. Niliwakuta sebuleni. Nilikuwa natoka shambani, nina vumbi mpaka kwenye kope, helmeti bado iko kichwani. Nikasalimu, nikakaa. Mshenga wao, mzee mwingine, mstaarabu, hakuwa ameambiwa kitu. Akafungua mfuko wenye zipu. Lilikuwa zuri, sisemi uongo, zito, la bluu, lina tausi ametandaza mkia. Mwanangu akaanza kucheka kabla mzee hajamaliza kulikunjua. Nikafungua kamba ya helmeti, nikaiweka mezani katikati ya vikombe, nikamrudishia mzee tausi wake.

"Blanketi sitaki."